Msaada Unaoijua Barabara Yako

Mwanangu, ipo siku moja ya mvua ambayo siwezi kuisahau, hata kama siku hizi nasahau mahali nilipoweka miwani. Nilikuwa bado msichana. Tata Kasongo, shofere wa parokia yetu hapa Kamina, alikuwa amenifundisha kuendesha gari, na watu walikuwa wakisimama kandokando ya njia kunitazama, maana mwanamke kushika usukani lilikuwa jambo la kusimulia nyumbani. Ndiyo sababu mpaka leo mnaniita Mama Shofere, na kijana akitaka kununua gari anapita kwangu kwanza. Mnafanya vizuri. Kuuliza si ujinga.

Siku hizi swali mnaloniletea ni moja. Mmeanza kununua magari ya umeme, na muuzaji anawaambia: ukiongeza pesa, gari litakusaidia kuendesha. Litajishikilia katikati ya njia, litafuata gari la mbele lenyewe, litafunga breki kabla mguu wako haujafika. Mnaniuliza: Mama, tuongeze ao tuache? Nitawajibu, lakini mnivumilie nianzie mbali kidogo. Mzee hajui njia za mkato.

Wakati ule parokia ilikuwa inaagiza gari jipya. Padri alimwita Tata Kasongo, akamwambia kwamba pesa iliyobaki inatosha kuongeza kitu kimoja tu: ama mashine ya kupoza hewa ndani ya gari, ama winchi. Winchi ni ile ngoma ya chuma yenye waya mrefu, inafungwa mbele ya gari. Ukikwama, unafunga waya kwenye mti, ngoma inazunguka, na gari linajivuta lenyewe mpaka linatoka kwenye tope. Tata Kasongo hakuomba muda wa kufikiri.

“Joto haijatulaza hata siku moja mu pori,” alisema. “Potopoto, tope hii, njo inatulazaka.”

Padri akacheka, akaandika winchi.

Gari lilipofika nilizunguka ile ngoma kama mtu anayezunguka ng’ombe wa mahari. Kipya kinyemi. Lakini asubuhi ya safari ya kwanza nilimwona Tata Kasongo anapakia koleo letu la zamani, lile la mpini uliofungwa kwa mpira.

“Tata, koleo ya nini tena?” nilimuuliza. “Siye tuko na winchi.”

Aliniita kwa jina langu, bila kupandisha sauti. Alikuwa mtu ambaye akikukemea unaweza kudhani anakusalimia.

“Ngoie, winchi iko na mukono murefu, ni kweli. Lakini mukono inashika nini? Inashika muti. Fasi kwenye hakuna muti, itashika nini? Mbele ya kusifu kintu, uliza kwanza kinashika wapi.”

Nilipanda garini. Maneno ya mkubwa yanaingia sikioni haraka, mwanangu, lakini kushuka tumboni yanachukua muda.

Sasa ile siku ya mvua. Ujumbe ulikuja kutoka upande wa Kabondo-Dianda kwamba kuna mwanamke anaitwa Numbi, uchungu umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Wakunga wa kijijini walikuwa wamefanya yote wanayoyajua. Ilibidi aletwe hospitali ya Kamina. Tuliondoka, mimi kwenye usukani, Tata Kasongo kando yangu. Kwenda kulikuwa salama. Tukamlaza Numbi nyuma juu ya magodoro, mama yake akakaa naye, kichwa cha binti mapajani, tukageuza.

Mvua ilitukuta bondeni. Ni tambarare la nyasi, la wazi, maji yanapita juu yake kila mwaka. Nilijitahidi kufuata alama za magurudumu yetu ya asubuhi, lakini zilikuwa zimejaa maji, na ghafla gari liliinama upande wa kushoto likakaa kwa tumbo. Nilijaribu mbele, nilijaribu nyuma. Magurudumu yalikuwa yanachimba tu.

Niliruka chini nikaenda mbele, nikavuta waya wa winchi, nikainua macho kutafuta mti. Hakukuwa na mti. Nilitazama upande huu, nikatazama upande ule. Nyasi mpaka mahali mbingu inapogusa ardhi. Nyuma yangu nilimsikia Numbi analia sauti ya chini, ile ya mtu ambaye hana tena nguvu ya kulia, na mama yake anasali Salamu Maria bila kupumua katikati. Nilikuwa nimeshika ndoana ya chuma mkononi, mashine mpya kabisa mbele yangu, na sina pa kuifunga.

Tata Kasongo alikuwa ameshashuka. Mkononi alikuwa na koleo.

“Kama hakuna muti,” alisema, “tutapanda mumoja.”

Akafungua gurudumu la akiba, akaniambia nilivingirishe mpaka mbele, mahali ambapo udongo ulikuwa mgumu kidogo. Tukachimba. Yeye alichimba, nikapokea, akapokea. Mama yake Numbi alishuka, akajifunga kitenge vizuri, akawa anatoa udongo kwa mikono. Shimo lilipofika kiunoni, tulisimamisha gurudumu ndani yake, tukapitisha waya katikati na kuuzuia kwa chuma cha jeki, kisha tukafukia na kukanyaga, wote watatu, tukikanyaga kama watu wanaocheza ngoma isiyo na furaha.

Nikawasha winchi. Waya ukakaza. Udongo juu ya gurudumu ukaanza kupasuka, nikaona kabisa kwamba linang’oka.

“Simama,” alisema Tata Kasongo. Akaongeza udongo, akakata nyasi na mizizi yake akaipanga juu, akakanyaga tena bila haraka, wakati mimi nilitaka kupiga kelele. “Sasa. Polepole.”

Gari lilinguruma, likatetemeka, likainuka. Lilitoka kwenye lile tope kama jino. Tuliingia Kamina jua likiwa bado halijazama, daktari akampokea Numbi mlangoni, na mtoto alitolewa kwa upasuaji, wa kiume, akalia kwa hasira kama mtu aliyecheleweshwa. Mimi nilikaa chini ukutani nikalia pia. Tata Kasongo alienda kuosha koleo lake kabla hajaosha uso.

Bila winchi tusingetoka. Bila koleo, na bila mtu anayejua kupanda mti wa mpira, winchi ingekuwa pambo. Lishike hilo, twende kwa Mwadi.

Mwadi ni mjukuu wangu, mnamfahamu, mwenye duka la dawa, ananiita Kambo kama wajukuu wote wanavyomwita bibi yao. Kila wiki anapeleka dawa kwenye vituo vya afya vya vijiji, njia ya Kabongo. Aliamua kununua gari la umeme kwa sababu hapa mafuta yanaweza kukosekana ghafla, na juu ya duka lake tayari kuna paneli za jua zinazoendesha friji ya dawa, na zinaweza kuchaji gari pia. Uamuzi huo niliusifu. Kisha akaniomba tushuke pamoja Lubumbashi kuchagua.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alituonyesha magari yanayofanana kwa sura. La kwanza lilikuwa la kawaida. La pili lina jicho la kioo, yaani kamera, nyuma ya kioo cha mbele, na mengine pembeni na nyuma. Linafunga breki lenyewe likiona hatari, na linakuonyesha kilicho nyuma yako. La tatu, la bei ya juu, lina yote hayo na zaidi: linajiendesha katikati ya mistari ya barabara na kumfuata wa mbele. Mwadi alikuwa ameshachagua la tatu kabla ya kufika. Nilimuuliza kwa nini.

“Kambo, minyi nachokaka,” alisema. “Mangaribi nikirudia njia ya Kabongo, macho inajifunga yenyewe. Kama gari inaweza kujishika mu njia, nitapumuzika kidogo.”

Neno hilo lilinitisha kuliko tope lolote. Lakini sikumkatalia. Mtu aliyechoka ukimkatalia anasikia umemnyima mto wa kulalia. Nilisema tu, “Tuijaribu.”

Tulitoka na la tatu kwenye lami, Mwadi kwenye usukani, kijana muuzaji nyuma. Nisiseme uongo, mwanangu, lilinifurahisha. Mistari myeupe ya barabara ilionekana kwenye kioo kidogo kando ya usukani, na usukani ulikuwa unajisogeza wenyewe, taratibu, kama mkono wa mwalimu mvumilivu. Mwadi alinitazama akitabasamu, kama aliyeshinda kesi.

Nikamwomba kijana aturuhusu kuingia njia ya udongo, pembeni ya mji. Tulipoacha lami, ile mistari kwenye kioo ilififia, ikapotea. Usukani ukatulia. Gari halikulalamika, halikukosea. Halikuwa na cha kushika, basi.

“Imeenda wapi?” Mwadi aliuliza, akainamia kioo kutafuta.

Hapo ndipo mtu wa baiskeli alipotoka nyuma ya lori lililosimama, magunia ya makaa yamempita urefu, akakata njia mbele yetu. Mimi nilimwona, nikafungua mdomo. Mwadi hakumwona. Gari lilipiga kengele na kujifunga breki kwa nguvu, mkanda ukanibana kifua, tukasimama karibu naye kiasi kwamba nilisoma maandishi ya gunia. Yule bwana aliendelea kusukuma pedali zake. Sidhani alijua.

Mwadi alikuwa bado ameshika usukani. Aliegesha gari pembeni. Kisha akasema polepole, “Kambo, ningemuua.”

“Weye ulikuwa unatafuta mistari,” nilimwambia. “Lakini umeona? Msaada ule mwingine umepata pa kushika. Mistari Kamina haiko. Bantu wako, baiskeli ziko, mbuzi ziko.”

Wakati wa kurudi tulifuata lori lenye vumbi, na kioo kikaandika kwamba jicho la mbele limechafuka. Nilishuka nikalifuta kwa ncha ya kitenge, likaona tena. Nikamuuliza kijana: jiwe likipasua kioo cha mbele kule kwetu, nani atalirudisha hili jicho mahali pake? Alifikiri, akasema ukweli.

“Kwa sasa, Mama, mutaleta hapa Lubumbashi.”

Nilimpenda kwa jibu hilo. Muuzaji anayekwambia upungufu wa bidhaa yake, nunua kwake.

Mwadi alichagua mwenyewe. Sikumsukuma. Alichukua la pili, akalipia breki ile na macho yale bila kunung’unika, na pesa ambayo ingeenda kwenye la tatu akafungisha bamba nene la chuma chini ya betri, kwa ajili ya mawe yetu. Lakini lile neno la macho kujifunga nilikuwa bado nimelibeba. Siku tuliyorudi nilimwambia: hakuna fundi aliyetengeneza gari la kulala kwa niaba yako. Hata lile la bei ya juu lingekutaka uwe macho. Usingizi una dawa moja, na wewe mwenye duka la dawa huiuzi.

Alichukua funguo zake akaondoka. Nilidhani amekasirika.

Zikapita wiki kadhaa. Jioni moja hakurudi kutoka njia ya Kabongo, simu haikupatikana, na mimi sikuwa na amani. Asubuhi aliingia uani kwangu, gari halina hata sauti, uso umepumzika kama wa bibi harusi.

“Macho ilianza kufunga, Kambo,” alisema. “Nikasimama kwa masista ya kituo cha afya. Banipa kitanda. Nililala mpaka jogoo.”

Nilimpikia bukari, ugali wetu, na samaki, akala mbele yangu, na nilimtazama akila.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, uibebe. Usiogope kulipa zaidi kwa kitu kinacholinda uhai. Anayedharau kila kipya ni mjinga sawasawa na anayekibusu. Breki inayoona mtu kabla yako, jicho linalotazama mtoto nyuma ya gari lako, hivyo lipia, hata ukichelewa kununua gari mwaka mzima. Lakini msaada unaohitaji barabara ambayo huna, uache kwanza kwa wenye barabara hiyo. Siku wakija kuchora mistari Kamina, utanunua, na mimi nitakuwa wa kwanza kukupongeza. Kabla ya kulipa, panda gari, lipeleke kwenye udongo kama wa kwenu, ulione likishindwa. Uliza nani atalitengeneza. Na chochote utakachonunua, kisikufanye uache kutazama mbele, kwa sababu tahadhari kabla ya hatari haijawahi kuuzwa dukani. Ukichoka, simama. Aliyefika kesho amefika.

Leza, Mungu wa babu zetu, akutangulie kwenye kila kona usiyoijua. Akupe macho mepesi, mguu mwepesi, na moyo usio na haraka. Wanaokungoja nyumbani wasikie kila mara mlango wa gari lako ukifungwa uani, na wewe ukiita jina lao. Amina.