Daftari la Mama Keji na Orodha Zangu Mbili

Nakumbuka siku niliyopanga majina ya watu kwa alfabeti nikajiona bingwa, na kesho yake nikatamani ardhi inimeze. Mwanangu, nakusimulia wewe unayeanza kujifunza kuandika programu, hasa ukiwa umefika kwenye somo la orodha, maana hapo ndipo mimi nilipojikwaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikulia Kitale, Kenya, ambako wazazi wangu walikimbilia wakati wa vita, na huko nilisoma kozi fupi ya kompyuta kabla hatujarudi Juba, Sudan Kusini. Nikapata kazi kwenye hospitali ndogo ya kanisa, karibu na mtaa wa Malakia. Niliambiwa nitoe kumbukumbu kwenye makaratasi nizitie kwenye kompyuta.

Hospitali ile haikuwa na friji ya kutunzia damu. Ilikuwa na watu. Majirani walikuwa wamekubali kwamba siku mgonjwa akihitaji damu wapigiwe simu, waje wachangie palepale. Aliyewajua wote alikuwa mtu mmoja, Mama Keji, muuguzi wa makamo aliyewahi kuishi ukimbizini Uganda. Alikuwa na daftari lenye jalada la buluu, na ndani yake kila mchangiaji alikuwa na mstari wake: jina, kundi la damu, mtaa anaokaa, namba ya simu. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa wima, kama wa mtoto anayeogopa kuchapwa. Nililidharau daftari lile, mwanangu. Nakiri.

Mwanzo, nikiliingiza daftari lile kwenye programu, nilimpa kila mtu jina lake la pekee: mchangiaji wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipofika wa kumi na mbili nikachoka, nikakumbuka nilichofundishwa. Orodha ni jina moja linalobeba vitu vingi, kila kimoja mahali pake kwa mpangilio. Akija mtu mpya unamwongeza mwishoni, akihama mji unamwondoa, na wote unaweza kuwapitia mmoja mmoja kwa mistari miwili tu ya maelekezo. Mpaka leo naona ni kitu kizuri sana. Mtu aliyewahi kuandika majina thelathini na sita kwa mkono anaelewa furaha niliyokuwa nayo.

Basi nikatengeneza orodha mbili. Moja ya majina, nyingine ya makundi ya damu. Jina la kwanza lilikwenda na kundi la kwanza, la pili na la pili, hivyohivyo mpaka mwisho. Nilimwonyesha Mama Keji kwenye kioo cha kompyuta. Aliuliza kwa nini kompyuta inamwita mtu wa kwanza namba sifuri. Nikamjibu kwamba ndivyo inavyohesabu. Akacheka kidogo, akasema mtu aliyetoa damu yake hawezi kuwa sifuri, kisha akarudi wodini.

Jioni ile nikaona majina yamekaa ovyo. Nikaiambia programu iyapange kwa alfabeti. Neno moja tu, na majina yote yakajipanga kama askari. Nikachapa karatasi, nikaibandika ukutani kwenye chumba cha wauguzi, nikaenda nyumbani nikitembea kwa madaha.

Kesho yake saa tano asubuhi aliletwa mama mmoja aliyekuwa amejifungua nyumbani na damu haikukatika. Damu yake ilipimwa, ikawa kundi O. Mama Keji alikuwa chumba cha kujifungulia akimshughulikia. Muuguzi kijana akatazama karatasi yangu ukutani, akaona Deng, kundi O. Deng alikuwa fundi wa matairi kule sokoni Jebel, na namba yake muuguzi yule alikuwa nayo kwenye simu. Alipopigiwa simu aliacha tairi ya mtu chini, akapanda bodaboda, akafika jasho likimtoka.

Mume wa yule mama alikuwa amesimama barazani amekumbatia kanga ya mkewe. Alipomwona Deng akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye?" Nikamwambia ndiye. Nilijivuna hata katika saa ile.

Mtu wa maabara hakumtoa Deng damu kabla ya kumpima, na namshukuru Mungu kwa ajili ya utaratibu ule. Alitoka akiwa amekunja uso. Deng alikuwa kundi A. Damu yake ingeingia kwa yule mama, ingemuua. Nikaitazama karatasi tena. Nilielewa palepale nilichofanya. Nilipanga majina, lakini makundi niliyaacha yalivyokuwa. Kwenye daftari wa kwanza alikuwa Poni, kundi O. Alfabeti ilimpeleka Deng juu, akakuta O ya Poni inamsubiri. Karibu kila mtu kwenye karatasi ile alikuwa amevaa damu ya mwenzake.

Mama Keji aliposikia hayo kutoka kwangu alitoka chumbani mara moja. Alinawa mikono, akafungua daftari lake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Poni aliuza chai umbali wa kama dakika tano kwa miguu. Alikuja mbio akiwa bado na kitambaa cha kupangusia vikombe begani. Akapimwa, akatolewa damu. Deng naye hakurudi Jebel. Alikaa barazani pamoja na yule mume, mabega yao yakigusana, mpaka saa nane tulipoambiwa mama atapona. Mtoto alikuwa wa kike.

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake Mama Keji aliniita kwenye chumba cha wauguzi. Karatasi yangu ilikuwa imeshabanduliwa, imekunjwa vizuri, iko mezani mbele yake. Sijasahau alivyosema.

"Jena tai," aliniita, yaani mtoto wangu kwa Kiarabu cha Juba, "mimi iko na swali moja tu. Kwa nini umetenganisha mtu na damu yake?"

Nilianza kumweleza habari za orodha na kupanga. Akalifungua daftari lake mbele yangu.

"Katika daftari yangu hawa wanakaa mstari moja," akasema. "Mtu akihama, anahama na damu yake, na simu yake, na mtaa yake. Machine yako haiwezi hivyo?"

Iliweza, mwanangu. Iliweza tangu mwanzo. Ndani ya orodha unaweza kuweka orodha ndogo: jina, kundi, mtaa, simu, vyote vimefungwa pamoja kama kitu kimoja. Ukimsogeza Poni, kila kilicho chake kinasogea naye. Mama Keji hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake, lakini alikuwa amelifahamu hilo kwa kalamu na rula, miaka mingi kabla yangu. Nilimtazama upya siku ile. Nilikuwa nimelichukulia daftari kama takataka ya kuhamishwa, kumbe ndiyo kazi iliyofikiriwa vizuri kuliko yote pale hospitalini.

Niliandika programu upya kwa siku tatu. Siku ya nne Mama Keji aliketi kando yangu na daftari mapajani, akasoma watu wake mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwatafuta kwenye kioo. Alisoma wote thelathini na sita, na hakuniruhusu kuruka hata mmoja. Tulipomaliza akasema "kweis", vizuri, akaenda kunywa chai. Sijapata cheti kilichonifurahisha kama neno lile.

Sasa mvi zimenijia, nami nafundisha vijana hapa Juba, mtaa wa Atlabara. Ninachotaka ukishike ni hiki. Vitu vinavyomhusu mtu mmoja vifunge pamoja, usivigawe kwenye orodha mbili ukitumaini vitakumbukana. Kabla ya kupanga, kufuta au kuongeza, jiulize ni nini kingine kinapaswa kusogea. Usiamini karatasi kwa sababu imechapwa vizuri. Kaa na mtu anayewajua hao watu, mpitie naye jina kwa jina, hata kama hajui kuwasha kompyuta. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema mapema ulichofanya, kisha urudi kazini.

Nenda mwanangu, Mungu akupe mikono yenye uangalifu na masikio yanayosikia. Watu watakaoandikwa katika kazi yako wawe salama, na wazazi waliokulea waishi waone matunda yake. Amina.