Kidole cha Perseus

Hii hamtaiamini, na wala sitawalaumu, lakini mpwa wangu Harun yupo hai hapa Doha, muulizeni.

Mwaka 2013, wiki ya tatu tangu atoke Mumias, Harun alikuwa askari wa lobi katika jengo moja la The Pearl, kisiwa cha matajiri hapa mjini. Mlangoni palisimama sanamu mbili pacha, moja kila upande: Perseus, kijana wa Kiyunani, ameinua kichwa cha Medusa, yule mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, ukimtazama unageuka jiwe. Hadithi za kale hizo, Wazungu wakazichonga upya miaka mia mbili iliyopita. Mimi nayajua haya, ni dereva, nimeendesha maprofesa.

Zamu hupokewa kwa daftari. Asubuhi hiyo Harun aliandika "kila kitu kipo", akatia sahihi, mwenzake wa zamu ya usiku akaondoka. Ndipo akaitazama vizuri sanamu ya kushoto. Mkono ulioshika kichwa haukuwa na kidole cha mwisho.

Sahihi ni yake, kwa hiyo kidole kimepotelea kwake. Akajiona kituo cha polisi, kisha ndegeni, kisha mbele ya mama yake kule Mumias. Akainua zulia, akachambua udongo wa maua, akatia mkono ndani ya pipa la taka. Muda wote huo hakuthubutu kumtazama Medusa usoni. Anasema haamini mambo hayo, ila siku ile hakutaka kujaribu.

Akavuka kwenda kuiangalia ya kulia, angalau ajifariji. Nayo haikuwa na kidole. Kile kile.

Sasa vimeibwa viwili. Akampigia simu msimamizi wake, Milka. Milka akaja, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Hizi zimemiminwa kwenye kalibu moja, Harun. Sanamu waliyoiiga ilikuwa imevunjika kidole. Siku nyingine tazama kwanza, ndipo utie sahihi."

Tangu hapo hatii sahihi kitu asichokikagua. Hata karatasi hii nimemwomba aithibitishe, na sasa anasoma begani mwangu, kalamu mkononi, nami namalizia tu: sanamu zile zilikuwa ndefu kama minara, na nyoka wa Medusa niliwaona kwa macho yangu wakiji—

"Mjomba, zilinifika kifuani. Na siku hiyo wewe ulikuwa nyumbani Muaither, umelala. Hapa sitii sahihi."