Maji ya Mlima Kwenye Betri Yangu

Betri ya pikipiki yangu ilipopungukiwa maji, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alijitolea kuijaza. Nilimpa chupa ya maji ya betri, yasiyo na madini, kutoka duka la mjini Chaka. Kesho yake nikaikuta chupa haijafunguliwa. Alikuwa ametia maji ya mfereji yatokayo mlimani!

"Ati ununue maji? Ya mlima iko safi kushinda hiyo ya duka."

Haikuchukua mwezi, betri ikafa, pikipiki ikakataa kuwaka. Na mkosaji nikawa mimi, ninayedharau maji ya kwao!

"Hii maji tumekunywa tangu tuzaliwe," mama mkwe akaniambia. "Imeua nani?"

Mama mkwe hajibiwi. Nilisukuma pikipiki hadi Chaka, nikimjibu njia nzima.