Kaseti ya Sehemu ya Kwanza

Harufu ya mchele mpya wa Kibombo, ule ambao bado una joto la jua ndani ya gunia, ndiyo inayonijia kwanza kila nikitaka kusema habari za zamani, hata kama haihusu. Nilikuwa mdogo sana, nimelala juu ya magunia ndani ya behewa, bibi yangu amenishika mguu nisianguke, huku anagombana na mama mmoja juu ya kuku. Kuku huyo sijui aliishia wapi. Nataja treni kwa sababu vita vilipokuja treni ilinyamaza, na iliponyamaza chumvi ikapotea kwetu Kindu, na chumvi ilipopotea baba yangu akapakia mafuta ya mawese kwenye baiskeli, akavuka mto kwa mtumbwi mpaka Alunguli, akaelekea Kalima kuitafuta. Alisema wiki mbili. Mpunga ukavunwa, ukapandwa tena, nasi hatujasikia neno lake hata moja.

Wakati huo huo Papa Saidi, fundi redio wa mtaa wetu wa Mikelenge, alianza kuonyesha picha za video kwenye uwanja wake saa nane mchana, maana usiku nani angethubutu kutoka? Mafuta ya jenereta waliyaleta askari, kwa hiyo askari walikaa mbele. Kaseti ilikuwa moja tu, sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Kifaransa. Zilizofuata zilikuwa zije kwa treni.

Ndani yake kulikuwa na baba mmoja mwenye kofia. Mwanzoni anacheka, kichwa kinaenda nyuma kabisa, kama baba yangu. Barua inakuja. Anaisoma akiwa amesimama, anaikunja mara nne, anaitia mfukoni. Toka hapo anabadilika kidogo kidogo: hamalizi chakula, halafu hasikii akiitwa, halafu anamkemea mke kwa ajili ya kijiko. Mwisho mke anamwuliza jambo, yeye anatabasamu tu, picha inakatika. Tuliiona mara nyingi mno, na bado mioyo ilitudunda kama ni mara ya kwanza.

Papa Saidi ndiye aliyetufasiria. Lakini, sasa, siku askari wamejaa, barua ilisema nchi inamwita. Siku akina mama ni wengi, ilisema mama yake mzazi ni mgonjwa, ataenda na kurudi. Siku Saidi amegombana na mkewe, ilikuwa ya mwanamke mwingine huko Bukavu. Uso ule ule, leo tunaulilia, kesho tunautukana. Mama yangu alisimama siku moja katikati ya watu.

"Saidi, muongo weye! Jana si alikuwa na mama mugonjwa?"

"Mama, keti, unatufichia picha!" wakamzomea.

Kichwa changu kilivurugika. Nilikuwa nimejiwekea kwamba yule wa kofia, barua ikishamwondoa, akirudi kwake, na baba yangu atarudi kwetu. Sijui nani alinifundisha hivyo. Siku moja nikabaki nyuma Saidi akikunja nyaya.

"Papa Saidi, yule muntu atarudia?"

"Inategemea nani njo anauliza," akacheka. Kisha akaniona uso, akaacha kucheka. "Mutoto, mimi Kifaransa sijui. Naonaka uso wake tu, nasema."

"Na barua?"

"Barua njo mimi naiandika. Usiambie askari, watanikamatia televizioni."

Basi nikaacha kusikiliza. Nikawa naangalia tu: kijiko, mkono, macho. Nikazishika kichwani zile dalili zote za mtu wa kuondoka.

Siku hizi binti yangu anatazama tamthilia kwenye simu, sehemu nzima nzima mpaka mwisho, haingoji treni. Juzi alinieleza kama mwalimu: "Papa, sehemu ya kwanza njo inakuonyesha muntu. Kama ni wa kuenda, utaona mapema." Nikasema ndiyo. Yeye anaona mwisho palepale; mimi hata mwanzo sijui kama niliuona vizuri.

Maana baba alirudi, nimesahau kusema. Alirudi vita vilipopoa, bila baiskeli, bila chumvi. Nikaanza kumchunguza. Chakula alimaliza. Akiitwa aliitika. Hakumkemea mama hata mara moja. Mifuko yake niliipekua: uzi na mbegu za boga. Nikatulia, nikasema huyu ni wetu.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, alikula sombe, yale majani ya muhogo, akaisifu, akamtania mama kwamba amenenepa, akanipa kipande chake cha samaki. Akasema anaenda sokoni kunyoa nywele. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Alitembea kama mtu anayeenda kunyoa, anasalimia watu kushoto na kulia. Kwa kinyozi hakufika, na nyumbani hakurudi tena.