Mfupa Aliouosha Dieudonnée

Dieudonnée wa kule Wamaza hakujua kupita kando ya kazi. Ukimkuta shambani usitegemee maongezi. Atakuamkia huku jembe likiendelea. Ndiyo maana ni yeye, si mwingine, aliyeng'oa jiwe la chokaa lililowashinda wanaume wawili, akakuta chini yake mifupa ya mtu.

Hakupiga kelele. Alichota maji, akayapasha moto, akaosha ile mifupa kwa mikono mitupu, mmoja mmoja, kama wafu wa kwao wanavyooshwa, kisha akaifunga katika kitenge kipya alichokuwa amejiwekea kwa Krismasi. Kwao kuosha maiti ni kazi ya ndugu, naye hakujua kama alikuwa na haki hiyo, kwa hiyo hakumwambia mtu kwamba ameiosha.

Bahati mbaya, shamba lenyewe lilikuwa na kesi. Jirani yake, Bulaimu, alidai kwamba bibi yake Dieudonnée alikuja na watu wa msafara wa biashara, mgeni tu, na kwamba ardhi ile ni ya ukoo wa Bulaimu tangu mwanzo. Chefu wa kijiji, mzee Abdoul, aliposikia habari za mifupa alikata shauri: mwenye wafu ardhini ndiye mwenye shamba. Akaitwa Aristote, mtafiti kutoka Kasongo, atafute vinasaba, zile alama za ukoo tunazorithi kwa wazazi, ambazo mfupa unaweza kuzitunza maelfu ya miaka. Aristote akachukua mate ya Dieudonnée na ya Bulaimu ili ayalinganishe na mifupa, akakwangua ubavu mmoja, akapanda pikipiki yake.

Miezi minane baadaye alirudi akicheka. Alama za mfupa zilifanana na za Dieudonnée kabisa, hata mtu na dada yake hawafikii hapo. Wanawake wakapiga vigelegele. Bulaimu aliinamisha kichwa, na kusema kweli alitia huruma.

Dieudonnée angenyamaza tu, shamba lingekuwa lake siku hiyohiyo, yeye na watoto wake watano. Lakini hayo maneno ya Aristote yalimchoma. Aliitazama mikono yake, akajikaza kisabuni, akasimama.

"Mungoje kidogo," alisema. "Ni miye niliosha ile mifupa na mikono yangu, na nililia juu yake. Ile alama munaona iko yangu. Haiko ya marehemu."

Moyo wa namna hiyo huupati migodini Salamabila, hata uchimbe dhahabu mwaka mzima. Vigelegele vilikatika. Aristote, msomi mzima, alijishika kichwa, maana hakuwahi kuuliza nani ameigusa mifupa. Safari hii alichukua ule mfupa mgumu wa ndani ya sikio na kutoboa katikati yake, mahali ambapo mikono ya mtu haifiki.

Jibu la pili lilikuja msimu wa kupanda mpunga. Marehemu alikuwa mwanamke, na aliishi yapata miaka elfu mbili iliyopita. Upande mmoja alitokana na wakulima waliohamia huku kutoka magharibi, upande mwingine na watu wa msitu waliowatangulia. Dieudonnée na Bulaimu wote wawili walikuwa na damu kidogo ya watu hao, kwa kiasi kilekile, na hakuna aliyeweza kumwita bibi yake kuliko mwenzake.

Ikabaki kumzika upya. Udongo wa kwanza hutupwa na ndugu, na mzee Abdoul aliposimama kaburini akauliza ndugu ni nani, watu walitazamana. Ndipo Bulaimu aliposogea mbele, na wengi wakadhani sasa kesi inaanza tena.

"Chefu," alisema, "kwetu maiti inaoshwa na ndugu yake. Mama Dieudonnée alishamuosha."

Akampisha Dieudonnée atupe udongo wa kwanza. Wa pili akautupa yeye, kisha akabeba jembe lake akarudi kwenye shamba lake, ng'ambo ya mpaka wa shamba la Dieudonnée.