Tipu na Jicho la Baba

Baba yangu alikataa kutibiwa macho kwa fedha zangu kwa sababu, alisema, ni fedha za kupewa. Sikuwa nimeiba. Sikuwa nimetapeli mtu. Nilikuwa nimetandika vitanda kwenye meli ya watalii, bahari za mbali huko, mkataba baada ya mkataba, nikarudi kijijini kwetu karibu na Mungaa, mkoani Singida, na akiba ya kutosha kumtoa mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, nauli ikiwemo na chakula cha anayemuuguza. Mzee akaniuliza swali moja tu.

"Hizo fedha ulilipwa au ulipewa?"

Nikamjibu ukweli. Laiti ningenyamaza.

Nilimweleza hivi. Kampuni ya meli inakupa mshahara mdogo, ule wa kukuziba mdomo usiseme hulipwi. Kinachobaki kinatoka kwa wageni. Kila mgeni anakatwa kiasi fulani kwa kila siku anayokaa melini, na fedha hiyo tunagawana sisi wa vyumbani na wenzetu wa mezani. Halafu jioni ya mwisho mgeni aliyeridhika anakuachia bahasha juu ya mto, au anakutia kitu mkononi mkipishana kwenye korido. Hiyo ndiyo tipu, wazee waliiita bakshishi. Ukiiondoa tipu, mtu unarudi nyumbani na begi la nguo chafu. Hata bati za nyumba tuliyokuwa tumekaa mbele yake zilitoka huko, ila hilo sikulisema, nisije nikaziona zinateremshwa.

"Na mgeni asipotaka kukatwa?" baba akauliza.

"Anakwenda mapokezi, anasema hataki, wanamwondolea."

"Wanamwondolea tu?"

"Wanamwondolea tu."

"Na wanamwacha aendelee kulala?"

"Ndiyo, baba."

"Basi huo si mshahara. Mshahara hauondolewi na mpita njia. Hiyo ni zawadi. Sasa niambie, na wewe uliwarudishia nini?"

Mtu asiyemjua baba atadhani alikuwa ananitania. Kwetu jirani akikuletea karanga kwenye bakuli, bakuli halirudi tupu. Utatia viazi, utatia mayai mawili, ukikosa kabisa utatia hata limau, lakini tupu halirudi. Watu wote wa kwetu wanafanya hivyo na maisha yanaendelea. Baba yeye amelifanya ugonjwa. Nikiwa mdogo niliwahi kurudishwa njia nzima, jua la utosi, kwa sababu nilipeleka sufuria ya watu ikiwa safi na haina kitu ndani. Sasa mzee huyohuyo alikuwa amewaza kwamba binti yake amezunguka dunia nzima akipokea mabakuli ya watu na kuyarudisha matupu.

"Niliwatandikia vitanda, baba. Niliwaoshea vyoo."

"Si umesema kampuni ndiyo ilikuajiri kufanya hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi kazi ilikwisha lipwa na kampuni. Ya mgeni haijajibiwa."

Nilimwangalia. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu mweupe, la kushoto zaidi, na alipoongea na mtu alimgeuzia sikio badala ya uso. Kuku wakipita mlangoni alikuwa anauliza ni nani. Na bado alikuwa na nafasi ya kunihoji kama hakimu.

Mama alikuwa upande wangu, lakini mama naye ana namna yake ya kuwa upande wa mtu. Ananyamaza, anachambua mlenda kwa hasira. Nilipomfuata jikoni akaniambia, "Mwanangu, baba yako unamjua. Mwache akili yake itulie." Akili ya baba haijawahi kutulia tangu nimjue.

Kwa hiyo nikabadili njia. Nikaona nimweleze tipu inavyotoka jasho, aelewe kwamba hakuna mtu anayekupa bure. Nikamwambia tunafundishwa kutabasamu hata ukiwa na jino linauma. Nikamwambia unatakiwa ukariri majina ya wageni wote wa upande wako, ujue nani anataka barafu na nani hapendi mto mgumu, na kwamba mgeni akikuandikia vibaya kwenye karatasi ya maoni, mkataba unaofuata huuoni. Nikamwambia tunakunja mataulo yanakuwa wanyama, tunawaacha kitandani mgeni afurahi akiingia.

"Wanyama gani?"

"Tembo. Nyani. Bata maji."

"Taulo linakuwa tembo?"

"Na mkonga wake."

"Na wageni wanafurahi?"

"Wanapiga picha, baba."

"Watu wazima?"

"Watu wazima, wana wajukuu."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiganja. Akasema basi, kama ni hivyo, hapo niliwarudishia kidogo. Nilikwenda kulala nikijua yamekwisha. Asubuhi naleta uji, ananiambia amelifikiria sana lile jambo, na kwamba taulo lilikuwa la kampuni, kwa hiyo tembo naye alikuwa wa kampuni. Nilitua kikombe chini nikatoka nje. Kuna uji mwingine mtu akiushika anaweza kuumwaga.

Siku nyingine nikamsimulia kisa cha mzee mmoja mgeni, kwa nia ya kumwonyesha jinsi tipu inavyoweza kukutesa. Mzee huyo alikuwa mtu mwema kwa kumtazama. Kila asubuhi ananishika mkono, ananiuliza habari za nyumbani, ananiambia mimi ni kama binti yake. Alipoumwa tumbo nilimbadilishia mashuka kutwa nzima. Siku ya mwisho akanikumbatia, machozi yakamtoka, akashuka. Hakuacha kitu. Baadaye nikaambiwa alishapita mapokezi tangu mwanzo wa safari, akaondoa hata ile ya kukatwa kila siku. Nilimsimulia baba nikiwa bado na uchungu wangu wote.

"Huyo," baba akasema, uso umemng'aa, "ndiye mgeni mwenye akili. Alikusalimia vizuri na hakukuachia mzigo."

Niliapa kwamba sitamsimulia tena habari ya meli. Kumweleza baba ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa, tofauti ni kwamba mbuzi hajibu.

Mwisho akatoa uamuzi wake. Atakwenda hospitali, hana tatizo na hospitali, lakini atakwenda kwa alizeti yake. Mvua zilikuwa nzuri, shamba lilikuwa linapendeza, akivuna atauza na ataingia kwa daktari akiwa amesimama kwa miguu yake. Nilimwambia alizeti iko shambani na jicho liko hapa, na daktari hajali aliyelipa ni nani. Akasema yeye anajali. Ndugu zake walipokuja kumsihi aliwapikia kuku, akawashukuru, akawasindikiza.

Tukavuna. Yaani tulivuna mimi na mama na vibarua, yeye akiwa amekaa kwenye gunia akipapasa vichwa vya alizeti na kutuambia vimekomaa, kana kwamba hatuoni. Bei ikawa imeanguka. Madalali walipita na magari yao wakitaja bei ya kumtukana mtu, na baba akasema hauzi, anasubiri ipande. Magunia yakakaa ndani, panya wakapata sherehe. Mimi wakala wangu alishaanza kuniuliza kama narudi melini au nafasi apewe mwingine. Nikamwomba baba kwa upole, nikamwomba kwa ukali, nikamwambia basi azichukue kama mkopo, atanilipa alizeti ikipanda bei. Akasema huwezi kumkopesha mtu kitu ambacho wewe mwenyewe bado unadaiwa. Nilikaa kwenye kizingiti nikalia, si kwa huzuni. Nililia kwa sababu nilikuwa na fedha, na kulikuwa na hospitali, na kulikuwa na gari la kwenda kila siku, na katikati yake alikuwa amekaa mzee mmoja mbishi ninayempenda.

Kisha jicho la kushoto likawa jekundu. Kichwa kikamuuma upande mmoja mpaka akawa anatapika, na mama, yule mama wa kunyamaza, akamwambia kwa Kinyaturu maneno ambayo sijawahi kumsikia akimwambia. Baba akamwita dalali akauza magunia yote kwa ile bei ya matusi. Tukaenda Singida mjini kwa fedha hiyo.

Daktari alimpima, akampima tena, akaniita pembeni. Akasema jicho la kulia atalisafisha, litaona vizuri. La kushoto mtoto wa jicho alikaa mno, akaleta presha ndani ya jicho, na presha imeua mshipa wa kuonea. Kama mngemleta mapema, akasema. Hakusema kwa ubaya, lakini nilitamani kumng'ata mtu.

Upasuaji ulikwenda salama. Bandeji ilipotolewa baba alinitazama muda mrefu, akasema nimekonda. Kuhusu jicho la kushoto alisema tu, "Limefanya kazi yake."

Siku ya kuruhusiwa mama alifika na chupa ya asali ya msitu wa Mgori, ile nyeusi nzito. Baba ndiye aliyeagiza. Ilikuwa ya kumpa nesi, binti wa rika langu, ambaye alikuwa akimtia matone, akimshika mkono kumpeleka msalani nikiwa nimetoka kununua uji, na kumsikiliza habari za alizeti bila kuonyesha kuchoka. Baba alimwita, akamnyooshea chupa kwa mikono miwili. Nesi akarudi nyuma kidogo, akatupia jicho tangazo la kukataza rushwa lililobandikwa ukutani.

"Hapana, baba. Asante sana, ila haturuhusiwi."

"Si rushwa, mwanangu. Umeshamaliza kunihudumia. Nashukuru."

"Najua, baba. Lakini hii ni kazi yangu, nalipwa. Ukisema asante inatosha kabisa."

Baba alibaki na chupa mikononi. Lile jicho lake moja lilikuwa likimtafuta nesi usoni, linatafuta amekosea wapi. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimeiombea siku ya namna hiyo, mzee naye ashike zawadi yake asijue aiweke wapi. Ilipofika sikufurahi hata kidogo.

Tukakaa kwenye benchi nje, mama akaenda kutafuta bajaji. Baba aliizungusha ile chupa mapajani.

"Wewe mbona hukuwakatalia hao wageni wako, kama huyu alivyonikatalia?"

"Huyu analipwa, baba."

"Na wewe?"

"Mimi walionilipa ni wageni. Kampuni ilijua watanilipa, ndiyo maana yenyewe haikunilipa."

Watu walipita na mabeseni na chupa za chai.

"Kwa hiyo mgeni akienda kuondoa ile fedha, anakuwa amekudhulumu."

"Ndiyo."

"Basi ule ulikuwa mshahara wako."

"Ndiyo, baba."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Nilikuwa nimesema. Nilisema shambani, nilisema tukila, nilisema kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu, nilisema mpaka mama akaniomba nipumzike. Bajaji ikafika. Baba alisimama mwenyewe, hakutaka kushikwa, akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta chuma cha kushikilia, akakikosa, akakitafuta tena. Nikamshika kiwiko, nikamwambia ainamishe kichwa.