Piano Iliyokaa na Mahindi ya Msaada

Mtayarishaji wa kipindi changu cha redio hapendi nisimulie habari za Garsen. Husema wasikilizaji wako mezani saa hiyo, wanakunywa chai. Kwa hiyo kila nikiulizwa nilianzaje kazi hii ya kupiga na kufundisha piano, hutaja kumbi za Nairobi na makofi yake. Lakini kitabu hakinywi chai. Hapa nitayatapika yote.

Nilikuwa mwalimu wa muziki katika shule moja ya Garsen, na ukumbini tulikuwa na piano kuukuu iliyoachwa na wamisionari. Aliyeipiga sawasawa ni mwanafunzi mmoja tu wa kidato cha nne, binti wa wafugaji wa Kiorma, mkaidi, mwenye vidole vyepesi. Mtihani wake wa vitendo ulikuwa umekaribia, na piano nyingine ya kumpa sikuwa nayo.

Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamezoa mashamba na mifugo. Mahindi ya msaada yakaletwa, yakafungiwa ukumbini mwetu. Watu waliofukuzwa makwao na maji walilala njaa kambini, ng'ambo ya uwanja wa shule, na mahindi hayagawiwi. Yalikuwa yakimsubiri Mheshimiwa, mbunge wetu, aje na wapiga picha wake. Yakasubiri mpaka yakaota ukungu.

Panya hawakumsubiri mtu. Walitoboa magunia, wakanenepa, kisha wakahamia ndani ya piano kuzaa. Binti alifanya mazoezi katikati ya magunia, mtandio puani, maana mkojo wao ulinuka hata ukausikia kwenye ulimi. Kila asubuhi tulianza kwa kufuta mavi juu ya vibao vya kupigia.

Nilimlalamikia mwenyekiti wa kamati ya msaada. Alicheka huku akichokonoa meno.

"Madam, panya naye ni kiumbe cha Mungu. Wewe tafuta nyimbo ya kumpokea Mheshimiwa."

Nikaona hapo ndipo pa kupenyea. Binti angempigia Mheshimiwa kipande chake cha mtihani, naye akiiona hali ya ukumbi, angeamuru uondolewe magunia kabla ya mtihani wa Jumatatu.

Mheshimiwa alikuja Jumamosi. Sinia za pilau zilipangwa juu ya piano, mafuta yakichuruzika ubavuni. Binti akaketi, akaanza taratibu, vizuri sana. Alipofika kwenye noti nzito za mkono wa kushoto, ubao wa chini uliooza ukaachia, na panya wakafumuka, wakubwa kwa wadogo. Wengine waliparamia juu wakakanyagana ndani ya pilau. Mmoja aliingia kwenye kanzu ya mwenyekiti. Mheshimiwa akapanda kiti akipiga mayowe.

"Ondoeni huo uchafu!"

Nilidhani anasema magunia. Wakaibeba piano mpaka nyuma ya jiko la shule, wakaimwagia mafuta ya taa, wakaiwasha. Nilipomuuliza mwenyekiti mtoto wa watu atafanyaje mtihani, alijibu bila kunitazama, "Si aimbe tu?"

Na mahindi? Mahindi yale yale, na mavi yale yale, yaligawiwa alasiri hiyo, Mheshimiwa akitabasamu mbele ya kamera. Piano ndiyo chafu, chakula cha wananchi ni safi! Nimeandika mengi tangu wakati huo, nimesema mengi zaidi hewani, na kinyaa kile bado kimenikaa kooni.

Jioni nilimfuata binti kambini kwao. Alikuwa ameketi chini, ungo mapajani, anachagua mavi ya panya kwenye mahindi. Mikono yote miwili ilikwenda upesi, kila kidole na kazi yake, kama nilivyomfundisha.

"Mwanangu," nikamwambia, "Jumatatu tutafanyaje?"

Hakuinua macho.

"Mwalimu, ngoja kwanza nimalize hii. Mama ameshabandika sufuria."